Kadi Iliyopakwa Rangi ya Kucha

Pesa ya sofa katika nyumba yetu ina historia ndefu kuliko sofa lenyewe. Niliipokea zamu yangu ilipofika kwenye mchezo wa akina mama wa mtaa, nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikailaza kabatini chini ya mashuka ya wageni. Kila aliyekuja kututembelea Tabata akazama kwenye kochi letu kuukuu aliambiwa avumilie, jipya liko njiani. Kisha jioni moja Baba Watoto akarudi kutoka kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi, amekumbatia kitu kizito kilichoviringishwa gunia, na nyuma yake kijana wa bodaboda kabeba boksi la pili. Kabla hajavua viatu nilishajua kwamba sofa limeahirishwa.

"Mama Watoto, kabla hujasema neno, nisikilize kwanza."

Nikamsikiliza. Mume akikuomba umsikilize kwanza, ujue pesa imeshatoka.

Ndani ya gunia mlikuwa na mashine ya kanda. Ni zile ambazo ofisi kubwa huhifadhia chelezo, yaani nakala ya akiba ya kila kilichomo kwenye kompyuta zao. Boksi la pili lilijaa kaseti nyeusi na za rangi, za mraba, kila moja inaenea kiganjani. Mashine ilikuwa ya LTO kizazi cha tano. Mfumo wa LTO ulianza kuuzwa mwaka 2000, baada ya HP, IBM na Seagate kukubaliana kutengeneza kanda za aina moja ili mteja asifungwe na kampuni moja. Kizazi hiki cha tano kilitoka mwaka 2010. Kaseti yake moja ina utepe wa mita 846 na inabeba terabaiti 1.5. Haya yote aliyasema amesimama, jasho linamtoka, gunia bado mkononi.

Mama mkwe, ambaye anaishi nasi na ambaye kwa kawaida humtetea mwanawe, aliiangalia ile mashine, akaangalia kochi, akajifunika khanga vizuri. "Mwanangu," akasema, "inapiga taarabu?"

Harusi za watu

Nimtendee haki mume wangu. Anapiga video za harusi. Alianza miaka ya tisini, wakati mkanda wa harusi ulikuwa mkanda kweli, VHS iliyokabidhiwa kwa bwana harusi ndani ya kasha lenye maua. Zikaja MiniDV, kisha kamera za kadi. Mkanda wa zamani ulikuwa na mwisho wake: ukijaa, umejaa. Kamera za leo hazina aibu. Kitchen party, send-off, ndoa msikitini au kanisani, sherehe ukumbini, kamera mbili tatu kila mahali, unarudi nyumbani na gigabaiti kwa mamia za watu wanaokula na kucheza kwaito. Na kazi haiishi siku ya kukabidhi. Baada ya miaka, mtu hupiga simu: marehemu baba alizungumza kwenye ile send-off, tunaomba tusikie sauti yake.

Mafaili yote hayo yalikuwa kwenye diski za nje, ndani ya droo ya kabati la vyombo. Siku moja diski moja ikaanza kugonga ndani: kok, kok, kok. Ilikuwa imebeba send-off ya binti wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Fundi wa kwanza akasema kichwa kimekufa, wa pili akasema apelekewe pesa ya kufungua, na mpaka leo jirani akinipa salamu ananipa nusu. Ndiyo sababu sikupiga kelele nyingi kuhusu gunia.

Baba Watoto alikuwa na ushahidi wake kwenye simu. Mwezi Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua pepe za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail. Google walikuwa na nakala zaidi ya moja kwenye mitambo yao, na hitilafu ikazifikia. Kilichorudisha zile barua ni kanda, kwa sababu kanda haikuwa imeunganishwa na chochote, imekaa tu.

"Hata Google!" akasema.

"Google wameshanunua sofa," nikamjibu, nikaenda kupakua chakula.

Mdomo usio na mwenzake

Kesho yake mashine ikawekwa mezani. Nyuma palikuwa na tundu la umeme, feni ndogo, na mdomo wa bati ambao haukufanana na kitu chochote tulichonacho. Binti yetu wa kidato cha tatu akaizunguka, akainama, akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mnadani: "Baba, USB iko wapi?"

Haikuwepo. Mdomo ule ni wa SAS, lugha ya seva, na kompyuta ya nyumbani haina pa kuupokea. Akaitwa fundi wetu, kijana mwenye kibanda karibu na kituo cha daladala, anayetengeneza simu, kompyuta, redio za magari na, msimu ukiwa mbaya, pasi.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Kuna mgonjwa hapo."

Akaigeuza mara mbili. "Mzee, hii haichomekwi hivihivi. Inataka kadi yake."

Kadi ya kidhibiti ni bao dogo linalochomekwa ndani ya kompyuta ili lizungumze na vifaa ambavyo ubao mkuu hauwezi kuzungumza navyo wenyewe. Ni mshenga. Kompyuta inaweza kuwa nzima na mashine ya kanda nzima, kila upande una sifa zake kwao, lakini mshenga akikosea maneno hakuna posa. Visa vyote vilivyofuata nyumbani kwangu vilitokana na mshenga.

Fundi alikuwa na kadi moja aliyoitoa kwenye seva iliyokufa. Midomo yake ilikuwa ya ndani, akatafuta waya wenye kichwa cha ndani upande mmoja na cha nje upande wa pili, akaupitisha nyuma ya kasha. Kadi ilitaka mlango mrefu kwenye ubao mkuu. Mlango mrefu ulikuwa mmoja tu, na umekaliwa na kadi ya picha ambayo Baba Watoto anahariria video. Ikachomolewa, ikalazwa kwenye gazeti mezani, kando ya sahani ya maembe. Mama mkwe akaonywa asiiguse. Akahamisha sahani, akaacha kadi, akasema maembe ndiyo yaliyokuwa hatarini.

Wakawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. Wakazima, wakawasha. Cheusi. Wakaichomoa ile kadi ya seva, kompyuta ikaamka bila tatizo. Wakairudisha, giza.

"Imegoma," fundi akasema.

Damu ya mzee

Fundi wetu ana sifa moja: akishindwa hujificha na simu yake kwenye kona mpaka apate jibu. Alirudi na habari kwamba ugonjwa huo unajulikana. Ukingo wa kadi una vidole vya dhahabu vinavyoingia kwenye mlango wa ubao mkuu. Kidole cha 5 na cha 6, upande wenye vipuri, ni vya njia nyembamba iitwayo SMBus, ambayo ubao na kadi hupashana kwayo habari ndogondogo za hali ya mashine. Baadhi ya kadi zilizotengenezwa kwa seva za kampuni fulani hugongana na ubao wa kawaida kwenye njia hiyo, na kompyuta inakataa kuamka. Dawa yake ni kuviziba vidole hivyo viwili. Vingine vyote viachwe.

Akakata kipande cha selotepu chembamba, akakibandika huku amebana pumzi. Kadi ilipoingia mlangoni, selotepu ikajikunja, ikabaki nje. Akakata kingine. Kikajikunja.

Binti akasema, "Kwani rangi ya kucha ya mama haifai?"

Wanaume wawili wakaniangalia. Rangi ile niliinunua kwa ajili ya harusi ya wifi yangu, rangi ya damu ya mzee, ya gharama, na ilikuwa haijafika nusu. Lakini hoja ya mtoto ilikuwa na akili: rangi ikikauka haipitishi umeme, haijikunji, na ukitaka kuiondoa kuna dawa yake. Fundi akakiri kwamba wapo waliofanya hivyo. Basi nikasema kama ni kupaka, nitapaka mimi, maana mkono wa mwanaume kwenye rangi ya kucha naujua.

Nikaishika kadi kwa ukingo, taa ya simu ya binti juu yake, fundi akihesabu kwa sindano: moja, mbili, tatu, nne, hiki, na hiki. Vidole vile ni vyembamba, na brashi ya rangi ni pana; nikaikamua mpaka ikabaki na nywele chache zenye rangi. Mpako mmoja, tukasubiri. Mpako wa pili, tukasubiri zaidi. Mama mkwe akapita, akatazama, akaniuliza kama na kadi nayo inaolewa.

Wakawasha. Kioo kikawaka. Nyumba nzima ikashangilia, hata mtoto mdogo ambaye hakujua kinachoshangiliwa.

Shangwe ilidumu mpaka fundi alipofungua orodha ya vifaa. Kadi imeonekana. Mashine ya kanda haipo.

Mshenga anayejua diski tu

Kadi ile ilikuwa ya RAID. Kazi ya kadi ya RAID ni kukusanya diski kadhaa na kuzionyesha kwa kompyuta kana kwamba ni moja, ili moja ikifa kazi iendelee. Kila kinachounganishwa nayo inakihesabu kuwa diski, au inakipuuza. Kanda si diski, na kadi nyingi za namna hiyo haziipitishi. Kwa mashine ya kanda unatakiwa kuwa na kadi isiyojitia ujuzi wowote, inayopitisha kila kifaa kama kilivyo. Mafundi wanaiita HBA.

Lakini fundi hakuwa tayari kukubali kushindwa, na Baba Watoto hakuwa tayari kurudi kwangu kuomba pesa. Kadi ina programu yake ya ndani. Kwenye baadhi ya kadi, ile programu ya RAID inaweza kufutwa na kuandikwa nyingine inayoigeuza kuwa kadi ya kupitisha tu. Wakaamua kuiflashi. Masharti ya kazi hiyo ni machache: programu iwe sahihi, na kati ya kufuta ya zamani na kumaliza kuandika mpya, umeme usiguswe.

Nikauliza kuhusu UPS. Nikaambiwa ipo. Ni kweli ipo. Inalia tu, betri yake haijabeba kitu tangu mvua za mwaka juzi.

Wakafuta ya zamani. Wakaanza kuandika mpya. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki, redio inaongea, feni ya sebuleni inazunguka. Vyote vikanyamaza kwa pamoja. Kutoka kwa jirani nikasikia "aaah!" ya mtu aliyekuwa anaangalia mpira. Kutoka sebuleni sikusikia kitu, na hapo ndipo nilipojua hasara ni kubwa.

Umeme uliporudi kadi ilikuwa imekufa. Kompyuta haikuiona tena, si kama RAID wala kama kitu kingine chochote.

Likaja suala la nani alipe. Kadi ni ya fundi, umeme ni wetu, wazo ni la wote wawili. Fundi, kwa adabu, akasema kadi ilikuwa nzima ilipoingia mlangoni. Baba Watoto, naye kwa adabu, akasema fundi ndiye aliyebonyeza. Adabu ilipoanza kupungua, Mama mkwe akaketi katikati yao kwenye lile kochi linalozama, akahukumu: "Mliifuta wawili, mtailipa wawili. Na samaki wameiva." Wakala, wakalipana nusu kwa nusu.

Imekubali

Pesa ya kadi ya pili niliitoa mimi. Niliitoa kwa masharti: kadi isiwe ya RAID, isihitaji kuflashiwa, na kila kaseti itakayoandikwa iingie kwenye daftari langu. Kariakoo wakapata LSI 9200-8e ya mtumba, kadi ya HBA yenye midomo ya nje, pamoja na waya wake wenye vichwa viwili vya aina moja. Haikutaka rangi ya kucha. Ikachomekwa, kompyuta ikaamka, na kwenye orodha ya vifaa jina la mashine ya kanda likatokea.

"Imekubali!" fundi akapiga kofi la meza.

Baba Watoto akafungua kompyuta yake, akaanza kutafuta. Aliona diski C. Aliona diski D. Akatafuta E.

"Mbona haina herufi?"

Haina, kwa sababu kanda haifunguliwi kama diski. Diski inaruka kwenda popote papo hapo. Kanda inakwenda kwa foleni, kutoka mita ya kwanza hadi ya mwisho, na kilicho mbali kinasubiriwa. Kwa miaka mingi ilihitaji programu maalumu ya chelezo iliyojua kipi kimelala wapi. Mwaka 2010, pamoja na kizazi hiki cha tano, IBM walileta LTFS: utepe unagawanywa sehemu mbili, ndogo ya faharasa na kubwa ya mafaili, na kompyuta inaionyesha kaseti kama folda ya kawaida. Fundi akaipakua, akaiweka, akaingiza kaseti ya kwanza kutoka kwenye boksi la mnadani.

Mashine ikaimeza, ikanguruma, ikaitema. Ya pili nayo ikatemwa.

Binti ndiye aliyesoma lebo. Boksi lilikuwa mchanganyiko: kaseti za kizazi cha tatu, cha nne na cha tano, zimepangwa kwa rangi, na rangi za makasha hutofautiana kwa mtengenezaji. Sheria ya LTO kwa vizazi hivi ni kwamba mashine inasoma vizazi viwili nyuma na inaandika kimoja nyuma. Kwa hiyo ya tatu mashine yetu ingeweza kuisoma tu. Ya nne ingeweza kuiandika, lakini utepe wake haugawanyiki sehemu mbili, na LTFS haiitaki. Zikabaki za tano, chache kuliko matumaini ya Baba Watoto. Kulikuwa pia na suala la yaliyomo, maana zile zilikuwa kumbukumbu za ofisi ya watu. Nikasema mambo ya ofisi ya watu hayasomwi kwenye nyumba yangu. Zikaandikwa upya bila kuchunguliwa.

Kelele za usiku

Baba Watoto akachomeka diski ya nje ya zamani, akaiburuta folda kwenda kwenye kanda, akaenda kulala kwa furaha. Katikati ya usiku Mama mkwe akagonga mlango wetu.

"Amkeni. Kile kitu kinaumwa."

Tukatoka. Gizani mashine ilikuwa inasema: ziiii, kimya, nyuuu, kimya, ziiii. Utepe unakwenda mbele kidogo, unasimama, unarudi nyuma, unaanza tena. Mashine ya kizazi cha tano inaandika hadi megabaiti 140 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kaseti nzima inajaa kwa takribani saa tatu. Inaweza kupunguza mwendo, lakini ina kima chake cha chini. Diski yetu ya nje ilikuwa ya USB ya zamani, inatoa megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde tu. Mashine inaandika iliyopewa, inakosa cha kuandika, inasimama; lakini utepe ukiwa kwenye mwendo hausimami papo hapo, inabidi urudi nyuma utafute pale ulipoishia. Usiku kucha namna hiyo, utepe unachakaa na vichwa vinachakaa.

Dawa ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyotulia kuliko zote: mafaili yanakiliwa kwanza kwenye diski ya ndani yenye kasi, kisha ndiyo yanapelekwa kwenye kanda. Tangu hapo mashine inatoa mvumo mmoja ulionyooka, na Mama mkwe analala.

Kulala vizuri kukampa mapenzi na mashine. Kwake yeye, chombo cha umeme kisichofunikwa ni aibu. Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata stabilaiza ina kitambaa. Akafuma kingine, cheupe chenye maua ya samawati, akaifunika mashine kuanzia mbele mpaka nyuma, feni ikiwamo. Taa ya hitilafu ikawaka mchana, kaseti ikatoka ya moto. Baba Watoto alihangaika na waya, na kadi, na programu, akamwita fundi. Fundi akainua kitambaa, akakikunja mara nne, akampa Bibi kwa mikono miwili. "Bibi, kizuri sana. Tukiweke chini yake." Kikawekwa chini. Mpaka leo kipo hapo.

Rudisha, nione

Daftari langu likaanza kujaa: namba ya kaseti, tarehe, harusi ya nani. Ilipofika kaseti moja yenye harusi za miaka mitano, Baba Watoto akatangaza kwamba imemaliza kwa dakika chache. Nikauliza inawezekanaje harusi za miaka mitano ziingie haraka kuliko chai kuchemka. Akasema ni ubora wa kadi.

Nikamwambia, basi chukua kaseti hiyo, irudishe kwenye kompyuta, tuangalie harusi ya dadaako.

Akanuna. Akaniuliza kama simwamini. Nikamweleza na mimi habari yangu, maana siku hizo nilikuwa nimeanza kusoma mambo hayo kimyakimya. Mwaka 1998, watengenezaji wa filamu ya katuni ya *Toy Story 2* walishuhudia mafaili yao yakifutika kwa amri moja iliyotolewa kwa makosa. Wakakimbilia chelezo, wakakuta chelezo haifanyi kazi sawasawa. Aliyewaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, mkuu wa ufundi katika filamu hiyo, ambaye alikuwa amejifungua na akifanya kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Ikabebwa kwenye gari kwa uangalifu mkubwa, na filamu ikatoka mwaka 1999. "Kwa hiyo hata hao wakubwa," nikasema, "walikuwa na chelezo waliyoiamini bila kuijaribu. Rudisha, nione."

Akairudisha. Kaseti ikasoma bila kosa hata moja, kadi ikafanya kazi yake, folda ikafunguka: harusi ya wifi, jina sahihi, tarehe sahihi. Akabofya. Programu ya kuhariri ikafunguka, na mahali pa bibi harusi pakatokea maandishi kwamba video haipatikani.

Alikuwa amenakili mafaili ya mradi. Hayo ni madogo sana, kwa sababu ndani yake hamna picha hata moja. Yanaieleza programu tu kwamba kipande hiki kiko kwenye diski ile, kata hapa, weka muziki pale. Video zenyewe zilikuwa kwenye folda nyingine, kwenye diski nyingine, ndani ya droo ileile ya kabati la vyombo. Mashine ilikuwa imehifadhi kwa uaminifu mkubwa anwani za harusi, bila harusi.

Hakusema neno. Akachukua diski kutoka kwenye droo, akaanza upya, na safari hii kaseti ilijaa kwa muda wa kaseti. Aliporudisha harusi ya wifi, tuliiangalia wote mpaka mwisho, na Mama mkwe akalia palepale anapoliaga.

Sasa kila mkanda unaandikwa kwenye kaseti mbili. Moja inakaa nyumbani, kabatini pakavu, na kichupo chake cha kuzuia kuandika kimefungwa. Nyingine anaichukua dada yangu wa Morogoro kila anapokuja mjini, kwa sababu moto au mwizi akiingia Tabata hatabagua kati ya diski na kanda. Kwenye daftari nimeongeza safu ya tarehe ambayo kaseti ilirudishwa na kuangaliwa. Isiyo na tarehe hapo, naihesabu kuwa tupu, hata Baba Watoto aape vipi.

Anayetaka kufuata njia hii na auangalie mdomo wa mashine kabla ya kutoa pesa, ahakikishe kadi anayouziwa si ya RAID, asome kizazi cha kaseti kwenye lebo wala asidanganywe na rangi, na asiruhusu mtu kuflashi kitu kwenye nyumba yenye UPS ya kulia tu. Na wewe ambaye harusi yako iko kwenye diski moja ndani ya droo, huna haja ya mashine ya mnadani. Ichomeke leo, iangalie mpaka mwisho, tengeneza nakala ya pili, kisha uipeleke nyumba ya mtu unayemwamini.